Pombe ya Bibi Kwenye Shamba la Kijiji

Mwezi uliopita nilirudi Sumbawanga kwa likizo, na kabla sijafika nilikokuwa nakwenda nikasimamishwa na harufu. Ilikuwa Milanzi, kando ya njia. Mama mmoja alikuwa ameanika kimea cha ulezi juu ya mkeka, na jua la Ufipa, lile linalowaka siku nzima bila kukuondolea baridi, lilikuwa linajitahidi. Kama hujawahi kunusa ulezi uliolowekwa, ukachipua, ukaanikwa, sijui nikueleze vipi. Ni harufu tamu yenye uchachu kidogo. Mimi ni mwalimu wa falsafa. Kazi yangu ni kuwauliza vijana maswali nisiyo na majibu yake, na mwisho wa mwezi nalipwa kwa hilo. Wao nao hupenda kuniuliza kama Ujamaa ulikuwa kitu kizuri au kibaya, nami huwarudishia swali kama tulivyozoea. Pale Milanzi nikakumbuka kwamba ninalo jambo moja la kuwasimulia ambalo sijawahi kuwasimulia, nalo linamhusu bibi yangu.

Bibi alinilea katika kijiji cha uwandani, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka mjini. Alikuwa mjane. Ulikuwa wakati wa Ujamaa, na tulikuwa tumekwisha kuhamishwa na kupangwa kwa mstari, nyumba ikiitazama nyumba, kiasi kwamba jirani akikohoa unamwitikia pole ukiwa kitandani. Shamba lake lilibaki kule kule mteremkoni tulikotoka. Kwetu hatuchomi nyasi za shamba. Mvua zikiwa katikati tunazikata, tunazikusanya na kuzifunika kwa udongo, tunafanya matuta ya mviringo ambayo kwa mbali utadhani ni vichuguu. Juu yake tunapanda maharage, ndani nyasi zinaoza, na msimu unaofuata udongo ule unasambazwa na kupandwa ulezi. Kazi hiyo haingoji, kwa sababu mvua ikikatika ardhi inakuwa ngumu na jembe linarudi juu. Asiyepiga matuta mwaka huu, mwaka unaofuata hana ulezi.

Mjane mwenye mjukuu mmoja wa kike wa darasa la tano hawezi kupiga matuta ya shamba zima. Ndiyo maana alipika pombe. Namkumbuka akiloweka ulezi, akiufunika kwa majani, akiufunua kila asubuhi kuutazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. Kusaga kimea ilikuwa kazi yangu, nikipiga magoti mbele ya jiwe mpaka mabega yakafa ganzi. Kisha uji mzito ukapikwa, kimea kikachanganywa, mitungi ikafunikwa, na usiku ungeisikia ikichemka polepole bila moto. Pombe ikiiva inanyweka siku hiyo. Kesho yake inachacha, na wa kuinywa ni mlevi wa kweli au adui yako.

Na siku inapoiva, watu uliowaalika wanakuja na majembe. Wanakulimia, wanakunywa, wanaimba, wanakusema vibaya kidogo kwa mzaha, wanarudi kwao. Aliyekunywa pombe yako bila kukulimia alikuwa na deni, ingawa hakuna aliyelitaja kwa mdomo. Lilikaa usoni.

Mwaka huo pombe ya bibi ilikuwa iive Jumatano. Jumatatu jioni mwenyekiti wa kijiji aligonga rimu la gari lililotundikwa karibu na shule akatangaza kwamba Jumatano watu wote, na wanafunzi pia, ni shamba la kijiji, kwa kuwa mgeni anakuja kutoka wilayani. Bibi alinishika mkono tukaenda kwa mwenyekiti. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye heshima, na nilivyomwona jioni ile alikuwa na hofu kuliko sisi.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba. Nasikia Jumatano ni shamba la kijiji."

"Ndiyo, ndugu. Mgeni anakuja."

"Ndugu? Nimekuogesha wewe ukiwa na upele, leo nimekuwa ndugu yako?"

Alicheka kwa haya. "Ndivyo tunavyoitana sasa, mama. Hata huyo mgeni ni ndugu."

"Basi mwambie huyo ndugu yako aje Alhamisi. Pombe yangu inaiva Jumatano, na watu nimeshawaalika."

"Mama, mtu wa wilaya haambiwi aje Alhamisi."

"Na pombe nayo niiambieje?"

Alimshika bibi mkono kwa mikono yake miwili akasema, "Shamba lako litalimwa, mama. Mimi mwenyewe nitakuja na watu. Nakuahidi."

Bibi alirudi nyumbani. Baada ya kula akaniambia tutaipeleka pombe shamba la kijiji. Alikuwa na hesabu yake: watu wakinywa watalima upesi, wakilima upesi watamaliza mchana, na mchana ukibaki watavuka kijito waje shambani kwake. Mpaka leo sioni kosa katika hoja ile. Nimesahihisha nyingi mbaya zaidi za wenye shahada.

Shamba la kijiji nililijua vizuri. Siku za kawaida watu walifika, wakajibu walipoitwa, wakaegemea mipini. Walikuwa watu wale wale waliokuwa wakifukua mteremko wa jirani kwa nusu siku. Jumatano ile mitungi iliwekwa nyuma ya kichaka, kata ikazunguka mara moja, na mtu akaanzisha wimbo. Wakajigawa pande mbili wakaanza kushindana, wanaume wakitukanana kwa upendo, wanawake wakiwacheka waliobaki nyuma. Sisi wanafunzi tulikokota nyasi mpaka viganja vikachanika na hakuna aliyelalamika. Mwalimu wetu wa siasa, kijana wa pwani aliyevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, alilima bila kuinua kichwa.

Mgeni akashuka kwenye Landrova akiwa na suti yake ya Kaunda, akabaki amesimama. Nadhani alikuja na hotuba ya kutukaripia, na sasa haikumfaa. Akaletewa kibuyu.

"Hii ni nini?" aliuliza.

"Togwa, ndugu," alijibu mwenyekiti.

Akanywa chote, akaomba cha pili. "Togwa ya huku ni kali," alisema. Hakuna mtu mzima aliyecheka, jambo lililonishangaza sana wakati ule.

Kisha akahutubia. Alisema amezunguka vijiji vingi lakini mwamko wa namna ile hajauona popote. Sauti ilimtetemeka, na sidhani kuwa alikuwa anaigiza. Halafu akanyoosha mkono kuelekea ng'ambo ya shamba, kwenye pori lililokuwa halijaguswa. "Kwa ari hii," alisema, "mtashindwaje kulifikisha shamba letu mpaka kule?" Watu wakapiga makofi. Bibi naye alipiga makofi, angefanyaje? Matuta yaliyotakiwa yalikuwa yamebaki kidogo sana, na jua lilikuwa bado halijafika utosini.

Tulilima mpaka jioni. Pombe iliisha mchana na nyimbo zikaisha nayo. Kesho yake rimu likagongwa tena, na keshokutwa, na hivyo hivyo mpaka mvua zikaanza kupungua. Ulezi uliobaki nyumbani ulikuwa wa mbegu, si wa kupikia pombe nyingine. Asubuhi kabla ya shule mimi na bibi tulikwenda mteremkoni tukapiga matuta tuliyoweza, ambayo hayakufika hata robo ya shamba. Sehemu iliyobaki ilisimama na nyasi zake, na kila siku ya jua bibi alikwenda kukanyaga ardhi kwa kisigino kuipima. Siku moja alikanyaga, akakaa chini.

Shuleni mwalimu wa siasa alituuliza ni nini kilichowafanya wananchi walime kwa bidii siku ya mgeni. "Mwamko, mwalimu," darasa liliitikia. Mimi nikanyoosha mkono nikasema ni pombe ya bibi. Wenzangu walikufa kwa kicheko nami nikajiandaa kwa fimbo. Mwalimu akatazama dirishani, akaja karibu.

"Tukinunua pombe Majengo, kule mjini, wiki ijayo tukaileta shambani, watalima vile?"

Nikafikiri. "Hapana, mwalimu."

"Kwa nini?"

"Haitakuwa ya bibi."

"Basi si pombe," alisema. "Kaa chini ufikirie."

Hakuniambia nifikirie mpaka lini.

Ila nyumbani palikuwa na jambo ambalo halikuhitaji kufikiriwa. Njia ya kwenda kisimani ilipita mbele ya mlango wetu, na jioni zote nilizokuwa nazikumbuka watu walisimama pale: mmoja anaomba moto, mwingine analeta kisamvu, mwingine hana shida ila maneno. Baada ya mvua kukatika wakaacha kupita. Kulikuwa na kijinjia nyuma ya nyumba, katikati ya mihogo, na sasa kilikuwa kinapanuka. Walikuwa wamekunywa na hawakumlimia bibi. Hawakuachiwa hata siku moja ya kwao, hilo bibi alilijua na wao walijua kwamba anajua, lakini uso hauelewi ratiba ya kijiji. Niliwachukia kwa hilo. Bibi hakuwachukia. Alikaa mlangoni na kigoda chake akitazama njia tupu, na ulezi ambao hatungeuvuna hakuutaja tena.

Siku moja jua likielekea kuzama akaniambia nimfuate. Tukaenda nyuma, kwenye mihogo, tukasimama. Mwenyekiti akaja na ndoo yake ya maji, akatukuta ana kwa ana. Alitua ndoo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita mbele. Waambie na wenzako wapite mbele. Sidai mtu."

Alitazama miguu yake. Niliona kidevu chake kinacheza, na sikuwa nimewahi kumwona mwanaume wa kijiji chetu akilia.

"Usiseme hivyo, mama," alisema. "Bora uendelee kutudai."

Akajitwisha ndoo yake akaondoka, na bibi akamtazama mpaka alipopotea. Sikumwelewa mwenyekiti. Bibi alimwelewa, kwa sababu tukirudi ndani alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kitenge, na hakusema tena kwamba hadai.

Bibi alikufa nikiwa chuoni. Shamba la kijiji lilirudi kuwa pori, halafu likagawanywa. Lile la mteremkoni ni langu sasa, na safari hii nilikwenda kulisimamia. Niliweka vibarua, vijana wazuri, wakapiga matuta kwa siku mbili bila wimbo, wakaosha majembe kijitoni, wakalipwa chao. "Poa, mama," walisema, wakaenda. Ni haki, sina la kulaumu. Hakuna aliyedanganywa na hakuna aliyebaki na deni. Nikarudi kwa njia ya kisimani, nikapishana na watu wengi, tukasalimiana vizuri. Kila mmoja alinitazama usoni, sawasawa, bila shida yoyote. Nikajikuta natamani kuwa na mtu mmoja wa kunikwepa.