Hoja Yangu Dhidi ya Nahodha wa Samoni

Siku yangu ya kwanza kazini, mapema miaka ya elfu mbili, nilifika nusu saa kabla ya wakati, nikiwa na suti ya kijivu na tai. Ofisi ya kukagua taarifa za uvuvi ilikuwa ghorofa ya nne ya jengo la vioo upande wa Maryland, dakika ishirini kwa gari kutoka nyumbani kwangu Lanham, siku ambazo barabara ya mzunguko ilikubali kupitika. Nilikuwa nimetumikia masjala ya serikali Dodoma miaka kumi na sita, kisha masjala ya ubalozi hapa Washington miaka minne. Jalada nililijua vizuri. Samaki nilimjua akiwa kwenye sahani.

Msimamizi wa Kitengo, Mmarekani mrefu mwenye sauti ndogo, alinionyesha meza na rafu iliyojaa madaftari.

"Haya yanatoka kwenye mashua za Alaska," alisema. "Wanavua samoni mfalme wakati wa baridi. Kazi yako si kuvua. Kazi yako ni kuona kama walichoandika kinaingia akilini."

"Akilini mwa nani, bwana?"

"Mwako," alijibu, akaenda zake.

Ninyi mnaoingia ofisini leo mnakuta mashine imekwisha kukagua kila kitu, kwa hiyo nitaeleza kazi ilivyokuwa. Samoni mfalme ndiye mkubwa kuliko samoni wote. Wakati wa baridi hukaa chini sana, karibu na sakafu ya bahari, na hupatikana mmoja mmoja kwa taabu. Huvuliwa kwa kurambaza, yaani mashua huenda kwa mwendo wa mtu anayetembea huku ikiburuta nyaya za chuma zenye ndoana na chambo. Kila waya huvutwa chini na chubwi, nalo ni tufe la madini ya risasi, zito kama mtoto mchanga, na winchi, mashine ya kuzungushia waya, ndiyo inayoushusha na kuupandisha. Kina huhesabiwa kwa pima, ambayo ni urefu wa mikono miwili ya mtu mzima aliyeitandaza. Nahodha alipaswa kuandika saa aliyoshusha nyaya, saa aliyozipandisha, kina, mahali alipoanza, mahali alipomalizia, na idadi ya samaki. Karani akiona kasoro aliandika hoja. Msimamizi akiitia saini, leseni ya nahodha ilisimamishwa hadi atoe maelezo ya kuridhisha.

Mwishoni mwa Novemba, nikiwa bado katika kipindi cha majaribio, nilifungua daftari la nahodha aitwaye Marta, mwanamke aliyevua peke yake kusini-mashariki mwa Alaska. Mwandiko wake ulikuwa safi. Kila siku alishusha nyaya saa mbili asubuhi na kuzipandisha saa tisa alasiri. Na kila siku, kwa siku kumi na moja mfululizo, mahali alipoanzia na mahali alipomalizia palikuwa ni pale pale.

Nilichukua rula na ramani. Chombo kilichokwenda kwa muda wa saa saba bila kusimama lazima kiwe kimefika mahali. Chake hakikufika popote. Niliandika: "Chombo hakikuondoka kilipokuwa. Taarifa inaonekana kutungwa ufukweni." Msimamizi alitia saini siku hiyo hiyo, barua ikaenda, leseni ikasimamishwa. Nilijiona mtu mwenye jicho kali. Sitalificha hilo.

Baada ya siku chache simu yangu ililia.

"Wewe ndiye uliyeandika kwamba natunga?"

"Ndimi, Bibi. Niliandika kwamba taarifa inaonekana kutungwa."

"Umewahi kurambaza?"

"Hapana, Bibi."

"Umewahi hata kupanda mashua?"

"Nimewahi kupanda pantoni," nilijibu, maana huo ndio ulikuwa ukweli.

"Msimu wa baridi ni mfupi, na mashua yangu imefungwa gatini. Sina kazi nyingine. Nenda ukarambaze, bwana, halafu unipigie uniite mwongo."

Akakata simu. Nilikasirika kwelikweli. Katika miaka ishirini ya utumishi hakuna mtu aliyewahi kuniambia niende nikafanye kazi yake ndipo niikague. Hasira hiyo nilikwenda nayo nyumbani, nikalala nayo, na asubuhi nilipoamka ilikuwa imegeuka swali ambalo sikuweza kulijibu: nani alinifundisha kwamba mashua inayovua lazima ifike mahali?

Katika rafu ya ofisi palikuwa na kijitabu cha wanaoanza kurambaza samoni wa baridi. Nilikisoma mara mbili. Kilisema, "Shika ukingo, usiuache." Hakikusema ukingo ni nini wala unashikwaje. Nikamtafuta Papa Kashindi.

Papa Kashindi alikuwa mtu wa Uvira, Kongo, ambako mtu mzima huitwa Papa, aliyefanya kazi ya kutunza wazee hapa Lanham. Tulifahamiana kanisani. Alikuwa na mashua ndogo ya injini katika Ghuba ya Chesapeake, mwendo wa saa moja kutoka kwetu. Samoni hawapo Chesapeake, lakini wapo samaki wakubwa wenye milia, na mwezi wa Desemba hurambazwa kwa namna ile ile: chini, polepole, katika baridi.

Nilikwenda Jumamosi ya kwanza nikiwa na koti la ofisini na kalamu mbili.

"Muzee, umekuya kuvua ao umekuya kwa mukutano?" aliniuliza, akanivalisha koti lake la mpira.

Alinifundisha kwa mpangilio. Mishipi minne, kila mmoja na chubwi lake. Mzito hushushwa kwanza na hukaa karibu na mashua, mwepesi hufuata na kuachwa mbali, ili isikutane. Kisha akanipa usukani, akanionyesha kwenye kipima kina mahali ambapo sakafu ya ghuba ilishuka ghafla kama ngazi. "Samaki iko hapa kwa ngazi," alisema. "Inangojea chakula. Haitembei mbali."

Nikashika usukani, nikanyoosha mbele. Samaki wawili waliuma, Kashindi akawapandisha. Kipima kina kikaonyesha ngazi imekwisha, chini pakawa tambarare. Mimi nikaendelea mbele.

"Geuza!" alipiga kelele.

"Bado hatujafika, Papa."

"Kufika wapi? Baltimore? Iko mutu anakungojea kule?" Alicheka hadi akashika kiti. "Samaki tumeacha nyuma, weye unaenda kusalimia nani? Geuza, tupite tena!"

Niligeuza kama ninavyogeuza gari kwenye maegesho. Mishipi yote minne ikasukana. Tulikaa zaidi ya saa nzima tukiifumua, vidole vyangu havisikii kitu, naye hakunisaidia fundo hata moja nililolisababisha mimi. "Fungua weye mwenyewe," alisema. "Kesho utageuza pole."

Hakukuwa na kesho, kulikuwa na Jumamosi iliyofuata. Nilirudi. Nilijifunza kugeuza kwa duara pana, kwa sababu mashua inapozunguka, mishipi ya upande wa ndani hupunguza mwendo na kuzama, na chubwi likigusa chini hukwama. Nilijifunza kuona kwa mtikisiko wa ncha ya fimbo ya mshipi kama chambo kinacheza au kimenasa jani. Chubwi moja nililipoteza kwenye mwamba, nikamnunulia jingine. Jumamosi ya tatu nilishika usukani tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa. Tulipita juu ya ngazi ile, ambayo sasa nilijua ndiyo ukingo wa kijitabu, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na karibu kila samaki aliuma pale pale, mara tu mashua ilipomaliza kugeuka.

Nilikuwa nikiandika daftari langu muda wote kwa utaratibu wa ofisi. Tulipokunja mishipi nikalisoma. Mahali tulipoanzia: pale mkabala wa boya jekundu. Mahali tulipomalizia: pale mkabala wa boya jekundu. Muda: saa saba. Mkononi mwangu nilikuwa na daftari la Marta, kwa mwandiko wangu.

"Unasoma nini vile?" Kashindi aliuliza. "Samaki saba, na unalia?"

"Silii. Ni upepo."

Jumatatu niliandika dokezo kwenda kwa Msimamizi wa Kitengo. Nilieleza kwamba anayerambaza hupita juu ya ukingo mmoja siku nzima, kwamba mahali pa kuanzia na kumalizia kuwa pamoja ni dalili ya kazi iliyofanywa vizuri, na kwamba hoja yangu ilikuwa ya mtu asiyejua. Aliniita.

"Barua imekwisha kwenda," alisema. "Tusubiri alete maelezo yake. Tutayakubali, na hakuna atakayeonekana amekosea."

"Maelezo alikwisha kuleta, bwana. Yamo ndani ya daftari. Mimi ndiye sikujua kuyasoma."

"Uko kwenye majaribio. Unaelewa unajifanyia nini?"

"Ninaelewa."

"Na ungependa nifanye nini na karatasi hii?"

"Uiweke ndani ya jalada, juu ya hoja yangu, uipe namba ya folio kama kurasa nyingine."

Alichukua kalamu, akaandika namba. Majaribio yangu yaliongezwa miezi sita. Leseni ya nahodha ilirudishwa wiki ile ile. Nilimpigia simu, nikamwambia nimerambaza na kwamba nilikosea. Aliuliza kitu kimoja tu: "Ulisukanisha mishipi mingapi?" Nikamwambia minne. "Yote," alisema, na nadhani alicheka kabla ya kukata simu.

Nilibaki katika kitengo kile hadi nilipostaafu. Siku ya kuniaga, Mkurugenzi alisimama na kusema kwamba katika utumishi wangu wote sikuwahi kuandika hoja iliyokosea. Watu wakapiga makofi. Nikasimama.

"Mheshimiwa Mkurugenzi, nilikosea. Imo katika jalada, pamoja na masahihisho yake."

Alitabasamu. "Haimo tena, mzee. Majalada yalipoingizwa kwenye kompyuta, hoja zilizofutwa ziliondolewa pamoja na madokezo yake. Rekodi yako ni safi kabisa."

Alidhani ananipa zawadi. Mimi nilikasirika mbele ya wageni, na mke wangu alinishika mkono. Rekodi ile haikuwa safi, ilikuwa imetobolewa. Katika tundu hilo amepotea mwanamke aliyeketi gatini siku ishirini na tatu, katikati ya msimu wake, akiitwa mwongo na ofisi yetu, kwa kuwa alifanya kazi yake vizuri. Anayefuta kosa langu anazifuta na siku zake hizo. Nimeomba kwa maandishi, mara mbili, zile folio zirudishwe, na sijajibiwa. Naandika ombi la tatu.