Picha Mia na Themanini na Sita za Mama Fredi

Katika kigango kimoja cha Kikatoliki cha upande wa Butiama, aliyejua nani alibatizwa lini alikuwa Matrida Masatu, ambaye watu wamezoea kumwita Mama Fredi. Alikuwa katibu wa kigango kwa miaka ishirini na miwili. Daftari la ubatizo alilipokea likiwa na jalada jeusi la kitambaa na mwandiko wa makatekista watatu waliomtangulia, naye akaendelea pale walipoishia. Mtu akitaka kufunga ndoa, alimfuata hata shambani. Matrida aliweka jembe chini, akanawa mikono, akaenda kufungua kabati.

Mwaka juzi, wakati wa masika, alikuta mchwa wameanza kula kona ya daftari. Alilikung'uta, akalianika, akapaka mafuta ya taa kwenye miguu ya kabati, lakini moyo haukutulia. Kwa siku tatu, kila akitoka shamba, alikaa barazani kwake akipiga picha ukurasa mmoja baada ya mwingine kwa simu yake. Mzee Apolinary, mwenyekiti wa kigango, alipita akamkuta ameinama.

"Katibu, karatasi nazo unazipiga picha za nini? Kitabu si kipo?"

"Leo kipo, mzee."

Masika yaliyofuata mchwa walipanda kupitia ukutani. Kabati lilipofunguliwa, ndani kulikuwa na jalada jeusi na udongo. Watu walisikitika sana. Matrida peke yake hakutaharuki. Alijua kila kitu kimo kwenye simu.

Parokia ilipomwomba azitume, alituma kurasa kumi kwa WhatsApp. Karani wa parokia akamjibu kwamba herufi hazisomeki, zimekuwa kama zimenyeshewa. Afadhali azipeleke mahali penye kompyuta. Matrida aliahidi kufanya hivyo. Kisha yakaja mavuno, ukaja msiba wa shemeji yake, na mwaka ukakatika picha zikiwa palepale.

Basi Jumapili moja, akishuka ngazi za kanisa, simu ilimponyoka ikaanguka kifudifudi kwenye sementi. Alipoiokota, kioo kilikuwa kimepasuka kutoka kona hadi kona. Taa iliwaka, picha ilionekana, lakini kidole alipokigusisha hapakutokea kitu. Jioni simu iliita. Alisoma jina la Recho, akasugua kioo kwa kidole, kwa gumba, kwa kiganja, mpaka ikanyamaza. Recho alikuwa binti wa kigango hicho anayeishi Bunda. Alikuwa akisubiri cheti cha ubatizo ili ndoa yake itangazwe kanisani. Usiku huo Matrida hakupata usingizi. Kilichomsumbua si Recho peke yake. Alifikiria majina yote yale, na wengi wenye majina hayo walikuwa hawajui kwamba sasa yamo ndani ya kioo kilichopasuka.

Jumatatu alikwenda Bunda, hadi nyumbani kwa Recho. Recho akampeleka kwa fundi wa simu, naye fundi akaigeuza simu mara mbili.

"Kioo cha aina hii sina, mama. Na nikiifungua siwezi kukuahidi kwamba vya ndani vitabaki. Pengine nitaifuta yote ianze upya."

"Uifute?"

"Ndiyo. Itafanya kazi vizuri tu."

Matrida alinyoosha mkono akaichukua simu yake, akaifunga kwenye kitambaa. Walipotoka nje, Recho alimshika bega.

"Mama, usikate tamaa. Kuna dada ana steshenari Musoma, pale Mwisenge. Anaitwa Getruda. Mimi alikuwaga ananisaidia wakati naomba chuo. Yule ana subira."

Kesho yake asubuhi Matrida alikuwa Mwisenge, amekaa kwenye benchi la steshenari, kitambaa mapajani. Getruda, mwanamke mnene wa miaka thelathini na kitu, alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akachomeka simu kwenye kompyuta kwa waya aliouleta Matrida mwenyewe. Simu ilianza kuchaji. Kompyuta haikuonyesha chochote.

"Waya huu ni wa kuchaji tu, mama. Mafaili haupitishi," alisema Getruda, akavuta mwingine kwenye droo.

Safari hii jina la simu lilijitokeza kwenye kompyuta. Getruda akalifungua. Ndani palikuwa peupe.

Matrida aliinuka kwenye benchi. "Zimefutika?"

"Hapana. Simu imejifunga. Inangoja wewe uweke namba yako ya siri, halafu ukubali kwamba kompyuta iingie."

"Na mimi kidole haikisikii."

"Haikisikii, kweli." Getruda aliitazama simu. Kisha akachomoa mausi ya kompyuta yake mwenyewe, akatafuta kwenye kopo la kalamu kiunganishi kidogo kama punje ya hindi, upande mmoja cha kuingia kwenye simu, upande wa pili cha kupokea mausi. Akaviunganisha. Mshale mdogo mweupe ukatokea juu ya kioo kilichopasuka.

Matrida alisogea mpaka wakagusana mabega. Getruda alimpa mausi, akageuka upande. "Weka namba yako, mama. Mimi siangalii."

Mshale ulipita namba, ukarudi, ukapita tena. Alikosea mara ya kwanza. Mara ya pili simu ilifunguka.

"Sasa shida ni chaji," alisema Getruda. "Tundu ni hilo moja, mausi imelikalia. Hatuwezi kuichaji, na haiwezi kuzungumza na kompyuta. Tutazinakili kwenye memori kadi, halafu kadi ndiyo tuihamishie."

Chaji ilikuwa asilimia kumi na tisa. Getruda alichomeka kadi ubavuni mwa simu, akachagua picha zote, akaamuru zinakiliwe. Mstari wa kijani ulianza kutambaa. Mteja aliyekuja kutoa fotokopi aliombwa angoje, akangoja. Chaji ilipofika kumi na mbili, mstari ulifika mwisho.

Getruda alizima simu, akaitoa kadi, akaitia kwenye kisoma kadi cha kompyuta. Picha zilimiminika kwenye kioo kikubwa, safu kwa safu. Chini pakaandikwa idadi, mia na themanini na sita. Akafungua moja, akaikuza. Wino wa katekista wa zamani ulionekana mpaka pale kalamu ilipokwaruza karatasi.

"Mbona hizi zinasomeka na zile za WhatsApp hazikusomeka?"

"WhatsApp huwa inazipunguzaga ukitumaga kama picha. Siku nyingine tuma kama dokumenti, zinafika nzima."

Matrida alivua kilemba, akajifuta uso nacho. Machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti. Getruda alimwacha, akaendelea na kazi. Picha akazitia kwenye kompyuta, akazitia kwenye flashi ya kupeleka parokia, na kadi akampa Matrida kwenye bahasha. Mwisho wakatafuta jina la Recho, wakalikuta ukurasa wa mia na arobaini na tatu, kwa mwandiko wa Matrida mwenyewe, jina la msimamizi likiwa limepigiwa mstari. Ukurasa huo ukachapishwa.

Kwa simu ya Getruda wakampigia Recho.

"Umeonekana, mwanangu," alisema Matrida. "Umebatizwa tarehe kumi na tisa, si ishirini kama mama yako alivyokuwa anasema. Nenda kaandikishe ndoa yako."

Upande wa pili Recho akasikika akicheka, akimwita mtu aje asikie.

Matrida alipotoka nje, jua lilikuwa kichwani na upepo wa ziwa ukivuma barabarani. Ndipo akakumbuka kwamba tangu jana mchana hajatia kitu mdomoni. Alivuka barabara hadi kwa mama ntilie, akaagiza ugali na sato mzima. Alipomaliza akaomba aongezewe mchuzi.