Faili la Watu wa Mama

Kwenye kozi ya kompyuta Kasulu mjini, mwalimu alitutaka kila mmoja aandike programu ya kutunza orodha kwenye faili. Mistari inasomwa kwa mfuatano, wa kwanza hadi wa mwisho, huruki hata mmoja. Wenzangu waliorodhesha timu za mpira. Mimi na ujuaji wangu nikaingiza watu wa mama waliouawa Burundi kabla hajavuka mpaka kuingia Tanzania kupitia Mabamba: jina, umri, kilichomuua.

Mama hajui kusoma. Aliwataja kwa mpangilio mmoja tu, wa jinsi walivyofuatana kufa. Baba yake, panga. Kaka zake wawili waliofungwa kamba moja, nyundo. Shangazi yake, moto, ndani ya nyumba. Ukimkatiza anaanza upya.

Kesho yake nilitaka kuongeza mmoja niliyemsahau. Nikafungua faili kwa amri ya kuandika badala ya ile ya kuongeza mwishoni. Amri ya kuandika haikuulizi. Inafyeka kila kilichomo, ndipo inaandika. Nilipolisoma faili lilikuwa na mstari mmoja. Nakala sikuwa nayo. Niliipiga meza ngumi mpaka kidole kikapasuka, nikamtukana na mwalimu, ambaye wala hakuwa na kosa.

Niliazima laptop ya kozi, nikarudi nyumbani Rungwe Mpya. Mama alikuwa anapura maharage. Nilipomweleza, alinichapa kwa fimbo ileile ya kupuria, begani, kisha mgongoni, na mimi mtu mzima nikasimama tu.

“Umeniulia watu wangu tena,” akasema.

Kisha akaketi, akaanza na baba yake. Niliandika huku kidole kikitia damu kwenye vitufe. Alipofika kwa wa kumi na moja, dada yangu wa miaka miwili ambaye sikuwahi kumwona, akaiweka fimbo chini. Mara ya kwanza alikuwa ameniambia risasi.

“Tulikuwa tumejificha kwenye matete,” akasema. “Wenye mapanga wanapita hapa, karibu. Mtoto akataka kulia. Nikamziba mdomo na pua. Wakapita. Mkono nilichelewa kuutoa.”

Niliondoa vidole kwenye vitufe. Nilitaka kumwomba tuiache risasi ileile.

“Mwana wanje, mwanangu, andika. Mkono wa mama yake.”

Niliandika. Hakungoja nifute machozi. Akataja wa kumi na mbili.