Picha Isiyo na Kwao

Mama mdogo anauza nyanya Ilula, kando ya barabara kuu, nami tangu nimalize chuo namsaidia huku nikisubiri ajira. Asubuhi moja ikaingia picha kwenye grupu la wauzaji: watoto wamelazwa hospitali, na chini yake maandishi kwamba wamekula nyanya za Ilula zenye sumu. Basi la kwanza likapita bila kusimama. La pili pia. Nikaanza kuwaza: labda ni kweli, labda ile dawa ya wadudu tuliyopulizia shambani, labda ni zile nilizopanga mimi.

"Tuitume kila mahali, tuwaambie watu ni uongo!" alisema jirani yetu muuza vitunguu.

"Ukiituma wewe, nani atasoma maneno yako?" mama mdogo akamjibu. "Wataona watoto tu."

Kwetu habari ya msiba haipokelewi njiani. Anayeileta huulizwa ametumwa na nyumba gani; asipoitaja, hakuna anayelia. Mama mdogo akaigeukia picha vivyo hivyo. "Hii nayo imetoka nyumba gani? Msomi, si ulisema mtandaoni kitu hakipotei?"

Nikaipandisha picha kwenye sehemu ya kutafutia picha. Nilijua kinachotokea: kompyuta za mbali zinailinganisha na picha zilizokwisha kuwekwa mtandaoni. Hata hivyo, majibu yaliporudi nilistaajabu kama mtoto. Ilikuwa picha ya zamani, ya nchi nyingine, ya watoto waliougua kipindupindu. Nikahakikisha tena, na tena, mpaka mama mdogo akacheka: "Ukiendelea kuwaangalia hivyo watapona."

Nikaandika kwenye grupu picha ilikotoka, nikaomba kila mmoja aifute. Mama mdogo akachagua nyanya iliyoiva, akaiosha, akainyunyizia chumvi.

"Nirekodi."

Akaing'ata, maji yakamtiririka hadi kwenye kiwiko. Hakutaja sumu wala picha. "Karibuni Ilula, nipo," alisema tu, mdomo umejaa. Video hiyo tukawatumia makondakta wa mabasi tunaowafahamu. Sikuwahi kumpenda kama wakati ule.

Alasiri basi la kutoka Mbeya likapunguza mwendo, likasimama. Kondakta akachungulia mlangoni.

"Mama wa chumvi ni nani hapa?"

"Ni mimi, baba. Unataka nyanya au chumvi?"

Madirisha yakafunguliwa. Mimi bado nilikuwa nimeinamia simu, nikihakikisha mara ya mwisho. Mama mdogo akaninyang'anya, akanipa ndoo ya nyanya.