Epidemi Niliyoigundua Nguba

Municheke tu, mutaa wetu muzima wa Nguba umeshanicheka. Muke wangu alikuwa misa, na mimi nilikuwa nafua nguo kwa maji ya baridi. Mutoto wetu Espoir akalia. Nikamugusa kipaji cha uso: moto! Nikamugusa mutoto wa jirani: moto! Nikapiga kelele, "Epidemi! Ugonjwa umeingia mutaani!" Bamama wakaleta watoto wao mbio. Kila niliyemugusa alikuwa na homa.

Hapo nikasahau heshima yote, nikamugusa kwenye uso hata mama mukwe wangu, aliyekuja mbio kusikia kelele. Naye alikuwa anaungua.

Akaruka, akanikamata mikono mbele ya watu wote.

"Papa Espoir, watoto wote wako bien, ni wazima! Hii mikono yako ndiyo iko baridi sawa samaki ya frigo!"