Jasho la Chupa

Fundi cherehani wa mtaa wa nyuma ya soko alikuwa na kitambi alichokienzi kama mtoto wa mwisho. Mtu akimtania, alikipapasa na kujibu, "Haya si mafuta, bwana. Ni heshima." Kutwa alikuwa kitini. Tangu aliponunua cherehani ya umeme, hata miguu ilistaafu. Sigara ilikaa nyuma ya sikio, na chai yake ilikuwa na sukari mpaka kijiko kilisita kuzunguka.

Alasiri moja aliinama kuokota kifungo, akaona nyota. Mteja aliyekuja kupimwa koti ndiye aliyemdaka na kumkokota hadi zahanati. Muuguzi, binti wa umri wa mwanawe, alimfunga kipimo mkononi, akatazama, akamfunga tena, kisha akamtoboa kidole kupima sukari.

"Baba, presha imepanda. Na sukari inakunyemelea."

"Itakuwa mashine yako, mwanangu."

"Mashine ni nzima. Dawa nitakupa, lakini dawa peke yake haitakubeba. Punguza chumvi na sukari, kula mboga na matunda, achana na sigara. Na kila siku utembee mpaka jasho likutoke."

Katika yote hayo, fundi alisikia jambo moja tu: jasho.

Alijishonea suti ya michezo, nyekundu ya kung'aa, yenye milia myeupe ubavuni. Asubuhi akapita nayo mbele ya kinyozi, kifua mbele, akipaza sauti, "Afya, ndugu zangu! Afya!" Watu wakampigia makofi. Mkewe, aliyekwisha kupunguza chumvi jikoni, alimsindikiza kwa macho, moyo mweupe.

Kumbe kwenye kona ya ghala kulikuwa na pikipiki ikimsubiri. Ilimpeleka ng'ambo ya pili ya soko, kwenye kibanda cha viazi vya kukaanga, akala akashiba, kisha ikamrudisha pale pale konani. Hapo alitoa chupa ya maji mfukoni, akajimwagia usoni na makwapani, akaingia nyumbani akihema. Kuhema hakukuwa kwa uongo: kutoka ile kona hadi mlangoni kulimtosha kabisa.

"Pole, baba watoto," mke alimwambia, akimpa taulo.

"Afya ni kazi, mama watoto."

Mambo yalikwenda hivyo mpaka siku fundi alipopitiwa na usingizi. Mlango ukagongwa. Mke akafungua, akamkuta kijana wa pikipiki, kofia ya chuma mkononi.

"Shikamoo mama. Mzee leo hatembei? Namsubiri kwenye kona tangu saa ile."

Mama hakupiga kelele. Alivaa raba zake.

"Marahaba. Wewe nenda tu, mwanangu. Leo nitambeba mimi."

Walipofika kwa kinyozi, wote wawili kwa miguu, fundi hakuwa na pumzi ya kusalimia mtu. Kinyozi ndiye aliyemsalimia: "Afya, ndugu!" Akajibu kwa kuinua kidole kimoja. Karibu na bomba la maji alijitupa juu ya jiwe, hasira zimempanda.

"Unanidhalilisha mbele za watu!"

Mke akakaa kando yake. "Marehemu baba yangu alipopooza, nilimlisha kwa kijiko mpaka mwisho wake. Wewe nakupenda. Ila sitaki kukulisha."

Fundi akatazama vidole vyake, vile vilivyotunga uzi sindanoni bila miwani. Halafu akainuka, akatangulia.

Hakuna miujiza iliyotokea. Sigara ilimsumbua kuliko yote. Aliiacha, akairudia kwa kujificha chooni, akaiacha tena. Mboga alizitafuna kwa uso wa mtu aliyeonewa. Lakini kesho yake walitembea, na kesho kutwa, na miezi ilipopita muuguzi akatabasamu mbele ya kipimo, akamwonya asithubutu kuacha dawa.

Balaa likawa jipya. Fundi aligeuka mhubiri. Mteja akipimwa kiuno, alitangaziwa namba yake duka zima lisikie, kisha akasomewa habari za moyo na figo hadi suruali ilipokamilika. Wengine walianza kuwatuma wake zao kuleta nguo.

"Baba watoto," mke alimwambia jioni moja, "presha yako imeshuka. Sasa unapandisha za wateja."

Fundi alitafakari, kisha akauliza kama kuongea nako huhesabiwa kuwa mazoezi.