Kinyozi na Jicho la Bonge

Haya, niambieni ninyi wenye akili zenu: mtu anamsafisha mbwa macho kila siku ya Mungu, na kadiri anavyomsafisha ndivyo jicho linavyoharibika. Utaelewa nini hapo? Kinyozi wetu alikuna kichwa mpaka akachoka, asione kichwa wala miguu.

Mbwa mwenyewe hakuwa wake. Alikuwa wa bintiye, aliyekwenda kusoma mbali akamwachia baba yake kiumbe kinene, uso bapa kama kimegonga mlango, macho yamekitoka kama kila saa kinapewa habari mbaya. Aina hiyo huitwa pagi. Nyumbani aliitwa Bonge.

"Baba," binti aliagiza siku ya kuondoka, "pua yake haichomozi, kwa hiyo macho hayana kinga. Mpanguse kila siku, na likiwa jekundu tu, mbio kwa daktari. Asije akapofuka, baba, nitakufa mimi."

"Mwanangu, miaka thelathini nashika wembe kwenye koo za watu. Jicho la mbwa litanishinda?"

Na hakuzembea, tusimsingizie. Kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda chake cha kunyolea, alilaza ule ubao wa kukalishia watoto juu ya mikono ya kiti, akampandisha Bonge. Akanawa mikono. Akalowesha pamba kwa maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, akalainisha tongotongo, akapangusa taratibu, pamba moja kwa jicho moja. Kisha akafuta lile kunjo la ngozi juu ya pua, machozi yanakojikusanya, akalikausha. Jumamosi alimtengeneza kama mteja yeyote mwenye heshima zake: alipitisha mashine ndogo juu ya kunjo, manyoya yasishike uchafu. Bonge alikaa tuli, anakoroma, uso ameuinua.

Lakini jicho la kulia, jamani! Jumapili linang'aa. Jumatatu linalia. Jumanne Bonge amelifumba, analisugua kwa mguu. Mwisho wa wiki linatulia kidogo, mzee anashusha pumzi, halafu Jumatatu hiyoo, mambo yale yale. Alilaumu feni, akaizima, wateja wakatokwa jasho. Akalaumu poda, akaificha. Mwishowe akamgeukia mkewe.

"Mama watoto, Jumatatu unafagiaje?"

"Nafagia kama ninavyofagia siku zote."

"Vumbi linamwingia mbwa."

"Vumbi la Jumatatu peke yake? Lina kalenda? Mpeleke kwa daktari, baba watoto, acha kuniandama na ufagio wangu!"

Hakumpeleka. Kwenda kwa daktari ilikuwa kukiri kwamba mkono wake umeshindwa, na mkono ndio uliokuwa jina lake mtaani. Binti alipopiga simu ya picha, mzee alimgeuza Bonge aonyeshe upande wa kushoto. Aliona haya, lakini alimgeuza.

Jumanne moja jicho likawa na ukungu wa buluu katikati. Alimbeba Bonge kifuani akatoka mbio, mteja akabaki kitini amenyolewa nusu kichwa, anauliza kulikoni.

Daktari wa wanyama, mama mmoja mpole, alidondosha dawa ya rangi, akawasha taa ndogo. Kioo cha jicho kikawaka kijani, mikwaruzo tele, na kidonda katikati.

"Kuna kitu kinamkwaruza kila akipepesa."

"Hakuna, daktari! Mimi namsafisha!"

"Naona. Ni msafi kuliko wote niliowapokea leo." Akapitisha kidole kwenye kunjo, upande wa kulia lilikopanda mpaka jichoni, akasita. "Hapa umenyoa?"

"Jumamosi."

"Ndevu zako je?"

"Jumamosi hiyo hiyo."

"Hebu jipapase kidevu, mzee."

Akajipapasa. Zilimchoma. Jamani, si yeye mwenyewe anayewaambia wateja kila siku kwamba siku ya tatu zitachoma, wavumilie? Manyoya marefu ya Bonge yalilala laini. Aliyoyakata yalirudi magumu, yamesimama, yanatazama jicho.

"Kwa hiyo ni mimi?"

"Ni mashine, mzee."

"Na mashine inashikwa na nani?"

Daktari alimwandikia dawa.

Jicho lilipona. Bonge anaona, anafukuza nzi mpaka anagonga meza kama zamani. Ila katikati pamebaki doa jeupe, kama chembe ya mtama, nalo daktari alisema halitoki.

Likizo ilipofika, binti aliingia, akatupa begi, akamshika Bonge uso akaugeuzia dirishani. Akaliona doa.

"Baba. Nani amemfanya hivi?"

Mzee alikuwa na hadithi yake tayari, ya paka wa jirani, ameipanga wiki nzima. Mkewe alimkazia macho. Mzee akafungua kinywa. Na hapo Bonge akajichomoa mikononi mwa binti, akamfuata mzee, akakaa miguuni pake, akauinua uso juu vile vile kama kwenye ubao, akingoja apanguswe.

Paka akayeyuka.

"Ni mimi, mwanangu," mzee alisema. "Kila Jumamosi. Naye alikuwa anatulia, ananiachia."